Ukungu Chini ya Jani

Doa lenyewe lilikuwa dogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho, na lilininyima usingizi kwa siku tatu. Nililiona kwenye jani la mche wa tatu, mstari wa pembeni, katika bustani ya mama yangu bondeni hapa Butembo. Lilikuwa kama karatasi iliyodondokewa mafuta: si kijani, si kahawia, na kingo zake hazikuwa wazi. Kama ulikuwa ule ugonjwa niliousoma shuleni, miche yote ya mstari ule ilipaswa kung'olewa siku hiyo hiyo. Kama haukuwa, basi ningeng'oa nyanya za mama yangu mzazi, zenye matunda tayari, kwa sababu ya tone la tope.

Nilikuwa nimemaliza shule ya kilimo miezi michache tu. Wabelgiji walikuwa wameondoka, waasi walikuwa wamekuja na kuondoka, na ofisi ya kilimo ilikuwa na kufuli ambalo hakuna aliyejua ufunguo wake uko wapi. Kwa hiyo mtu pekee mtaani aliyekuwa na diploma ya mimea nilikuwa mimi, na watu waliniita Agronome, yaani bwana shamba, huku wakitabasamu kidogo. Mimi nilijua jinsi nilivyoipata ile diploma. Katika mtihani wa mwisho niliandika jibu, nikalifuta, nikaliandika tena lile lile, hadi karatasi ikatoboka.

Bonde letu lililimwa na wanawake tisa. Bustani zao zilishikana kama mikeka iliyotandikwa chumba kimoja, na asubuhi hakuna aliyepiga kelele za salamu kutoka mbali. Hayo yangekuwa matusi. Ulipita katikati ya mistari ya mwenzako mpaka alipo, ukampa mkono, ukauliza habari za nyumbani, kisha ukaenda kwa mwingine. Kufikia bustani ya tisa kitenge chako kilikuwa kimelowa umande mpaka magotini.

Msimu uliopita ukungu ulikaa siku nne bila jua, na nyanya zote za bonde ziliungua. Ndivyo walivyosema, "ziliungua", ingawa hapakuwa na moto. Juma moja lilitosha. Mama akatangaza kwamba zikiungua tena ataacha nyanya moja kwa moja, apande kabichi, na wenzake wanane wakasema watamfuata. Lakini alikuwa ameshawaambia pia kwamba mtoto wake amesomea mambo hayo hayo. Kwa hiyo wakanisubiri. Walinisubiri kwa adabu, kwa macho, kila nilipopita.

Shida ilikuwa neno moja. Wakati wa Wabelgiji, agronome alikuwa mtu wa kofia ngumu na daftari la majina. Alikuja kusema panda hapa, ng'oa pale, na aliyebisha alilala gerezani. Siku ya uhuru, wanawake wa bonde hawakuimba kwa ajili ya bendera tu. Waliimba kwa sababu hakuna tena mtu wa kuwaambia "ng'oa". Na dawa niliyokuwa nayo kichwani, ukiondoa maneno yote ya kitabu, ilikuwa hiyo: ng'oa.

Nilifikiri nitaanza taratibu, kwa elimu. Jumamosi, wanawake walipokuwa wakipakia vikapu vya nyanya kwenye lori la kwenda Beni, nikasimama juu ya jiwe. Mwenye lori, mfanyabiashara Mwislamu tuliyemwita Patron, alikuwa ameegemea gurudumu akipiga mswaki. Katekista wa mtaa wetu alikuwa anapita na baiskeli.

"Bamama," nikaanza, "tuko na adui mu bonde. Jina lake ni mildiou."

Katekista akasimamisha baiskeli. "Unasema nini?"

"Mildiou, muwalimu. Ni Kifaransa."

"Kifaransa miye najua," akasema. Alijua sala, namba na majina ya miezi. "Mille ni elfu. Dieu ni Mungu. Donc, Mungu elfu moja."

"Hapana, muwalimu, haiko vile, namna inaandikwa ni..."

"Mutoto niliyemufundisha katekisimu miye mwenyewe! Anasimama pa jiwe, anatuambia mu bonde muko Mungu elfu moja!"

Patron akatoa mswaki mdomoni. "Muwalimu, leo ni mara ya kwanza miye na weye tunasikilizana. Hata ku musikiti tunasema vile: Mungu iko moja tu."

"Unasikia? Hata Baislamu!"

"Hata Bakristo!" akajibu Patron, na akacheka mpaka akashika tumbo.

Mama mmoja mwenye kikapu kichwani akauliza kwa upole, "Na hao elfu, bote banakulaka banyanya? Ao bengine banakulaka viazi?"

Swali lake, kwa bahati mbaya, lilikuwa swali zuri sana, kwa sababu ugonjwa ule ule hula viazi pia. Lakini hakuna aliyesikia jibu langu. Tangu siku hiyo salamu yangu mtaani ikawa moja: "Agronome, leo biko ngapi?"

Nilirudi kwenye kitabu. Kitabu kilinipa magonjwa mawili na kunipa nafasi ya kuhangaika kati yake. Upo ule wa miviringo: huanza kwenye majani ya zamani, ya chini, na kila doa lina duara ndani ya duara, kama kisiki kilichokatwa msumeno. Huo huenda polepole, unaweza kuchuma jani moja moja. Na upo ule mwingine, ambao hauna miviringo, huanza popote, hupenda baridi na maji, na hukimbia. Doa langu halikuwa na miviringo. Saa nyingine lilikuwa nayo. Nililitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba ningetaka ningeona humo herufi za jina langu.

Kulikuwa na jaribio moja. Unachuma jani, unaliweka ndani ya kopo pamoja na kitambaa chenye maji, unafunika, unaacha usiku mmoja au miwili. Kama ni ule ugonjwa wenye mbio, upande wa chini wa jani, kandokando ya doa, huota vinyweleo vyeupe. Nikatafuta kopo tupu la maziwa.

"Mama, hapana fungua hii."

"Iko nini ndani?"

"Jani."

Akanitazama. "Umefungia jani mu kopo?"

"Ndiyo, Mama."

"Papa," akasema, kama mama wa kwetu anavyomwita mtoto wake wa kiume, kwa sauti ile aliyoitumia nilipokuwa na homa utotoni, "umekula leo?"

Jaribio lingeweza kunipa jibu kesho yake. Lakini sikungoja. Niliogopa kulifungua mapema, niliogopa kulifungua kwa kuchelewa, na Patron aliponiambia, "Njoo Beni uone bile banyanya binafikaka namna gani," nikapanda lori. Ilikuwa njia nzuri ya kutokuwepo nyumbani.

Tuliondoka Butembo ndani ya ukungu mzito, utingo akitembea mbele ya lori kwenye kona, nami nikimsimulia Patron habari za jani na kopo. Huko Kalunguta jua likatokea ghafla, na watu wote waliokuwa juu ya vikapu wakaanza kuzungumza kwa pamoja, kana kwamba jua ndilo lililowaruhusu. Beni ni chini kuliko kwetu, ni joto. Nilipofika nilikuwa nimevaa koti na nimekuwa kichekesho tena.

Sokoni Beni Patron alifungua vikapu viwili: kimoja cha jana yake, kingine cha siku tatu nyuma. Nyanya za siku tatu zilichumwa zikiwa nzuri. Mimi mwenyewe niliwaona wanawake wakizipakia. Sasa kila nyanya ya tatu au ya nne ilikuwa na baka begani, karibu na kikonyo. Lilikuwa la kahawia, gumu, lenye mikunjo kama ngozi ya kiatu, na ukilibonyeza halikubonyea. Mke wa mwalimu mmoja aliyetoka Kasai kuja kufundisha Beni aliokota mojawapo, akaigeuza, akairudisha.

"Patron, hii nyanya ilivaa viatu?"

Patron akanigeukia. "Ni bile Mungu elfu?"

"Ndiyo, Patron. Ni ile."

Nikashangaa kujisikia nimesema ndiyo bila kuongeza "lakini". Baadaye kidogo nikaongeza. Nyanya zile zilikuwa za mama mwingine, si za mama yangu. Labda upande wetu wa bonde... Patron hakunisikiliza. Alikuwa amekwenda kuzungumza na mtu aliyelinda ghala la shamba la kahawa ambalo mwenye mali alikwishalikimbia, akarudi na kopo lenye mawe madogo ya bluu, na mfuko wa chokaa. Mawe yale niliyajua. Ukiyayeyusha majini na kuchanganya na maji ya chokaa, unapata maji ya bluu ya kunyunyizia majani. Nikafurahi, kisha nikaanza kuhesabu vipimo kwa vidole.

Wakati wa kurudi, kwenye kizuizi, askari mmoja alifungua kopo. Alikuwa ametoka mbali, upande wa mto, na Kiswahili alikisema kama mtu anayevaa shati la mwenzake.

"Oyo nini?"

"Dawa, Chef. Tunatia mu maji, tunanyunyiza."

Mara tu nilipotamka, watu juu ya lori wakaanza kutazama chini. Ilikuwa miezi michache tu tangu waasi, wale walioitwa Simba, wapite, na kila mtu alijua kwamba waganga wao waliwanyunyizia maji ili risasi zisiwaingie. Na mimi, mwenye diploma, nilikuwa nimesimama mbele ya bunduki nikizungumzia maji ya kunyunyiza.

"Unanyunyiza nani?" askari akauliza polepole.

"Banyanya."

"Banyanya?"

"Ndiyo, Chef."

Patron akatoa kichwa dirishani. "Chef, huyu kijana iko anaogopa jani. Moja tu. Analifungia mu kopo. Simba gani anaogopaka jani?"

Askari akatazama koti langu, akatazama uso wangu, akaanza kucheka. Akaita wenzake. "Banyanya yake banaenda vita!" Wakaja wote kuona mawe ya bluu. Mmoja, mkubwa kidogo, akauliza kwa umakini kabisa kama dawa ile inaponya kweli.

"Haiponyi," nikasema. "Inakinga ile yenye haijagonjwa. Ile yenye imekwisha kushikwa, hapana dawa. Ni kung'oa tu, mbio, kabla haijapatia jirani."

Wakachukua nyanya mbili nzuri kati ya zile zilizobaki bila kuuzwa, wakazipangusa kwenye suruali, wakazila hapo hapo, wakatufungulia njia. Tulienda mwendo mrefu kabla Patron hajaniuliza, macho yake yakiwa barabarani:

"Kumbe unajua. Sasa unangoja nini?"

Nilitafuta jibu hadi Butembo.

Mama alikuwa mlangoni, kopo mkononi. Kifuniko hakikuwepo.

"Nilifungua," akasema.

"Mama!"

"Wewe ulisema nisifungue. Nilingoja sana." Akalitoa jani, akaligeuza. Upande wa chini, pembeni mwa doa ambalo sasa lilikuwa kubwa kama sarafu, palikuwa na vinyweleo vyeupe, vyepesi, kama pumzi iliyoganda. "Ni kungu hii. Kungu ya inje ilikuja kulala chini ya jani."

Nimelikumbuka neno hilo maisha yangu yote. Katika lugha yetu, kile kinachofunika bonde asubuhi ni ukungu, na kile cheupe kinachoota juu ya mkate wa zamani ni ukungu pia. Nilikuwa nimesafiri kwa Kifaransa kwenda na kurudi, nikagombanisha dini, nusura nipigwe risasi, na jina la ugonjwa lilikuwa kinywani mwa mama yangu muda wote, likiwa na maelezo yake ndani.

"Juu ya nini ulituambia mambo ya Mungu elfu?" akauliza. "Kungu tunaijua. Inapenda baridi, inapenda maji, jua ikitoka inakimbia."

"Basi, Mama, ukitaka kungu isilale mu bustani utafanya nini?"

Nilimuuliza kama mwanafunzi. Akafikiri, akiwa amesimama pale pale. Atazifunga nyanya kwenye miti, zisimame, upepo upite chini yake. Atachuma majani yale yanayogusa udongo. Atamwagilia mguuni, si kichwani, na asubuhi, ili jioni ikute pakavu. Nikaongeza nafasi kati ya mistari, na kutorudisha nyanya mahali pale pale msimu unaofuata. Nikaongeza viazi, kwa sauti ndogo, kwa sababu viazi vilivyopandwa kando ya mstari ule vilikuwa mbegu aliyoleta mama mdogo kutoka Masereka, kama zawadi, kichwani.

"Kungu ilikuja na viazi bya dada yangu?"

"Pengine, Mama. Sijui kabisa. Lakini inakula byote bibili."

Akatazama pindo la kitenge chake. Kisha akasema jambo ambalo kitabu changu hakikuwa nalo. "Na siye banamuke. Asubuhi tunapita mu bustani yote kusalimiana, bitenge biko maji. Si tunaibeba siye wenyewe?"

Asubuhi iliyofuata nilishuka bondeni mapema. Ukungu ulikuwa umeketi juu ya maji ya kijito. Doa la mche wa tatu lilikuwa limepata wenzake: miche minne sasa, na kwenye shina la mmoja palikuwa na mchirizi mweusi. Siku tatu za kufikiri kwangu zilikuwa zimekula mitatu. Majani ya viazi nayo yalikuwa na mabaka. Mistari mingine ilikuwa bado safi. Niligeuza majani yake mpaka shingo ikauma.

Sikuingia kati ya mistari ile yenye umande. Nilisimama njiani, nikaweka mikono mdomoni na kupiga kelele:

"Mama, habari ya asubuhi!"

Bonde zima likageuka. Mtoto anamsalimia mama yake kama anaita mbuzi!

"Nzuri, Papa!" mama akajibu kwa kelele vile vile, kutoka njia ya upande wa pili. "Habari ya kulala?"

"Sikulala!"

Wakacheka, na mmoja baada ya mwingine wakakusanyika njiani kuona wazimu gani umeingia kwetu. Mama akawaeleza kuhusu ukungu, vitenge na umande, kwa maneno machache, na hakuna aliyeuliza ni wangapi. Wakati jua likisubiriwa, nilichanganya maji yangu ya kukinga mistari iliyobaki: mawe ya bluu katika chungu kimoja, kwa kuwa chuma huliwa nayo, chokaa katika kingine, kisha ya bluu juu ya chokaa. Nikachovya kisu kilichosuguliwa. Kikitoka chekundu, maji ni makali, yataunguza majani, unaongeza chokaa. Kisu kilitoka kikiwa cheupe. Nikakichovya tena. Kikatoka cheupe. Nilipotaka kukichovya mara ya tatu, katekista, aliyekuwa ameegemea baiskeli yake, akasema:

"Mutoto, hata Tomaso aligusa mara moja."

Nikaweka kisu chini. Jua lilikuwa limetoka na majani yalikuwa yamekauka. Mstari wa pembeni ulikuwa na miche sita: minne yenye madoa na miwili mizuri katikati yake, yenye matunda ya kijani makubwa kama ngumi. Ile miwili ndiyo niliyokuwa nikiiogopa. Mama alinitazama nikiitazama.

"Yote?" akauliza.

"Yote sita. Na majani ya viazi tutakata, tutazika. Viazi byenyewe bitabaki mu udongo, bitangoja."

"Dada yangu atauliza."

"Miye nitamwambia, Mama."

Sikumwambia mtu yeyote ang'oe. Neno lile halikutoka mdomoni mwangu asubuhi ile. Mama akafungua gunia kwa mikono miwili, akalishika mdomo wazi kandokando ya mstari ili nisikokote majani juu ya mengine. Nikainama kwenye mche wa tatu, nikaushika chini kabisa, pale shina linapoingia udongoni, nikavuta. Ulitoka na mizizi yake yote. Nikauweka ndani ya gunia, nikashika wa nne.